Kaboite Kenye Ursule Alifunga ku Coussin ya Toleka

Weye mwenye unapandaka toleka, baiskeli ya kubeba batu, asubui ya kuenda ku soko, ku marché, niko na neno na weye. Wiki hii umeharibu kazi ya mutu. Ndiyo, weye. Ulipanda kinga, ile baiskeli, uliona kaboite kadogo ka rangi ya majivu kamefungwa ku coussin ya kukalia, na hapo ulijifanya mutu muzuri. Ulimugonga tolekiste ku bega: "Malembe, papa, polepole, machine itavunjika." Ku shimo ulishuka. Ulisaidia hata kusukuma. Kisha ulifika kwako, roho safi, ulikula pondu yako, ulilala.

Bon. Haujui kitu ulifanya. Nitakueleza, na usiruke mistari, juu batu ya hapa munaruka mistari, kisha munakuya ku commentaires kuuliza kitu yenye ilisemwa tangu mwanzo.

Mwenye kaboite anaitwa Ursule. Iko assistante ku université, upande ya benye banasoma vile vitu inatengenezwa: kwa nini hii inakuwa ngumu, kwa nini ile inanepa, kwa nini ingine inavunjika. Usimufikirie na blouse nyeupe safi sawa ya ku télé. Blouse iko nayo, lakini anaivalaka juu ya liputa ya kitenge, na mu mufuko yake munakuwaka pilipili ya kwabo mu kakaratasi, juu chakula ya cantine haina ladha. Papa yake, Timothée, mwenye alikufa, alitegaka samaki ku chutes ya mutoni sawa babu yake. Mama yake, maman Clémence, anauzisha samaki ya kukauka mpaka leo. Mu ile nyumba hakuna mutu alijua chimie ni kitu gani. Ukimuuliza maman Clémence binti yake anafanyaka kazi gani, anakujibu: "Anapikaka mupira." Na si uongo.

Kazi ilianza na matako. Unisamehe, lakini ni vile. Ursule alikuwa angali mwanafunzi, anatoka kwabo mu commune ya Tshopo, hapa Kisangani, kila asubui na toleka. Kiti ya nyuma wakati ile ilikuwa chuma, kitambaa, na kipande ya mousse, sponji yenye ilikufa zamani. Siku ya examen, njia ilikuwa imechimbika na mvua. Ursule alifika, alikaa, aliandika, hasikii kitu toka kiuno kushuka. Vile alisimama kupeleka copie, muguu ilikatala. Alianguka mbele ya professeur, magoti chini. Professeur alifikiria anaomba huruma ya points. Alimuambia: "Simama, mademoiselle, hiyo haisaidiake."

Ursule alitoka pale na aibu na ulizo moja mu kichwa. Kama miye, client ya kipande ya njia, niko hivi, ule mwenye anapiga pédale tangu jua inatoka mpaka inaingia, mugongo yake iko namna gani? Alianza kubauliza. Bote balijibu kitu moja. Magaribi, mbele ya kuingia nyumbani, banapitia ku kona kununua vidonge ya mugongo yenye bamama banauzisha mu beseni, kati ya sabuni na mishumaa. Banameza, banalala, banaamuka, banapedali tena. Kwa bao ile haikuwa hata ugonjwa. Ilikuwa kazi.

Alors, Ursule alisema atatengeneza coussin. Na hataagiza kitu Ulaya, juu kitu ya kuagiza hakuna tolekiste ataweza kuibadilisha siku itachakaa. Unajua mosaka. Mama anatwanga ngazi, matunda ya mawese, anakamua, supu inatoka nyekundu, na ku mukono kunabakia nyuzi-nyuzi yenye anatupaka ao anawashia moto. Ursule alikamata zile nyuzi. Alienda njia ya Buta, kupita Masako, kwenye kungali miti ya zamani ya mupira, ya caoutchouc, aliirudisha ile maziwa ya muti mu bidon. Alichanganya, alifinya mu kibati, alipika. Alipika wapi? Ku four ya papa Hilaire, mutu ya mikate. Four ya labo inaomba courant ya umeme, na courant ya hapa munaijua kuliko miye.

Coussin ya kwanza ilitoka muzuri, inanepa, inarudi. Ilikuwa na kosa moja: ilinuka mosaka. Rolly, kijana ya kinywa kubwa mwenye anaegeshaka kinga mbele ya marché, aliijaribu siku ya Dimanche. Alibeba maman moja ya chorale, na uniforme yake yote. Mbele bafike ku kanisa, masiafu ilikuwa imesikia harufu. Maman aliruka katikati ya barabara, alipandisha liputa mbele ya batu, aliimba nyimbo yenye haiko mu kitabu.

"Maman Ursule," Rolly alimuambia kesho yake, "client yangu anauliza kama fufu inakuya nyuma ao namna gani."

"Rolly, nyamaza."

"Nauliza tu. Mosaka tayari tuko nayo."

Ursule alirudia. Alichemusha nyuzi na majivu, alisukula, alianika, alipika tena. Papa Hilaire alilalamika kama mikate yake inaanza kunuka mupira ya pneu. Kisha coussin ikawa coussin: masiafu hakuna, harufu hakuna.

Sasa ilibakia kupima. Batu ya université ingine ya mbali, benye banatumika na yeye, balimutumia tuboite tune. Ndani kuko kitu yenye inasikia kila mutikisiko na kuichunga, sawa vile téléphone yako inajua umeigeuza. Unakafunga ku kiti, kinga inatembea, kisha unakafungua ku kompyuta, ku ordinateur, unaona vile mwili ya mutu ilipigwa. Ursule alichagua batolekiste bane: Rolly, papa Zéphirin mwenye anabapita bote miaka, na bengine babili. Kwanza alifunga tuboite ku viti ya zamani, bila makelele. "Ni kitu kidogo ya masomo," alibaambia, "musijali." Na bao habakujali. Balipiga mashimo sawa siku zote, na mustari ku ordinateur ilipanda na kushuka sawa mutu anapiga ngoma na hasira.

Hapa ndiyo kulifika professeur Évariste.

Professeur Évariste ni mukubwa ya Ursule, ndiye anaongoza kazi yake. Siyo mutu mubaya. Lakini anapenda micro. Vile alisikia coussin iko tayari, alisema hatutagawa vitu hivi-hivi sawa mutu anagawa karanga. Tutafanya remise officielle, sherehe ya kupana. Na weye unajua siye batu ya hapa: hata ndoo ya plastique hatuipane bila remise officielle. Balikodi viti, balileta baffle ya sauti, batu ya kupiga photo balijipanga. Batolekiste bane balivaa mashati ya Dimanche, kinga imesukuliwa mpaka ku rayon ya magurudumu. Professeur alikamata micro, alionyesha kaboite juu na vidole mbili sawa padre anaonyesha hostie ku misa.

"Hii appareil," alisema, "mu province yote hakuna ingine. Dunia inatuangalia! Mwenye ataiharibu ataharibu jina ya Kisangani! Munaahidi?"

Bane balinyoosha mukono. Papa Zéphirin alijibia bote: "Professeur, tutaichunga sawa yai."

Makofi ilipigwa. Ursule pia alipiga. Picha ilienda ku Facebook mbele hata sucré, soda ya baridi, ifunguliwe. Na pale pale, kati ya makofi na sucré, kazi ya Ursule iliharibika, na hakuna mutu aliona.

Vile siku ilipita, Ursule alikusanya tuboite na kuifungua, na alifikiria ordinateur iko mugonjwa. Mustari ilikuwa imelala. Coussin ilikuwa imekula robo tatu ya mutikisiko! Aliita professeur Évariste. Professeur aliangalia, alitosha lunettes ya macho, alirudisha lunettes.

"Ursule," alisema, "hii ni thèse ya doctorat."

Na Ursule alikuwa na lazima na ile neno. Kule ku université, assistante hakaake assistante mpaka mwisho ya dunia. Mandat yake, ruhusa ya kukaa ku kazi, ilikuwa inaisha mwaka huu. Siku ya Samedi comité ya baprofesseur itakaa. Ikikubali kazi yake, anaandikwa ku doctorat, anabakia. Ikikatala, anarudisha funguo ya labo na anaenda kusaidia mama yake ku samaki. Na kulikuwa kitu ingine: comité ikikubali tu, kulikuwa batu tayari benye balitaka kutengeneza ile coussin mingi na kuitia ku toleka mu mji yote.

Tufike sasa Vendredi, siku moja mbele ya comité.

Mvua ilinyesha, hata saa ya kutoka kazi haikuacha. Ursule alikuwa mbele ya poste, makaratasi yake ya kesho ndani ya sachet, sachet ndani ya sachet. Toleka yote ilikuwa na batu. Ile yenye ilikuya wazi ilikuwa moja, ya papa Zéphirin. Ursule alisitasita. Professeur alimukatazaka kupanda zile kinga ine, juu mwenye anapima kitu haingie ndani ya kipimo. Lakini vipimo ilikuwa imekwisha, tuboite ilirudishwa ku kinga kwa kungojea tu, na maji ilikuwa inamuingia mu shingo. Alipanda.

"Karibu, maman assistante," papa Zéphirin alisema. "Kaa tu, coussin iko kavu. Niliivalisha sachet."

Balitoka. Malembe. Malembe ya kupita malembe. Maman mwenye alibeba beseni ya chikwangue ya muhogo ku kichwa alibapita na miguu. Kisha imbwa ilibapita, na haikuwa na haraka.

"Papa Zéphirin, uko mugonjwa?"

"Hapana, maman."

"Ao tunasindikiza matanga?"

"Tunaenda muzuri tu." Kisha alisimamisha kinga, alitia muguu chini. "Shuka kidogo."

"Kuko nini?"

"Shimo."

"Papa, ile shimo iko pale tangu nilizaliwa."

"Zamani ilikuwa shimo ya miye na mugongo yangu. Sasa iko shimo ya université. Shuka, maman."

Ursule alishuka mu matope ya potopoto na viatu yake ya kisigino. Papa Zéphirin alipita nyuma, aliinua kinga na mikono mbili, aliivukisha polepole sawa mutu anatoka ku ubatizo na mutoto, aliitua ngambo. Aliinama, alipangusa kaboite na shati. Kisha alimuangalia Ursule na furaha, sawa mutu anangoja merci.

"Papa," Ursule alisema, na sauti ilikuwa imekuwa ndogo, "unafanyaka hivi ku kila shimo?"

"Kila shimo. Na si miye peke, siye bote bane. Rolly anazungukaka mpaka nyuma ya marché juu ya kukimbia ile njia mubaya. Client bakilia, tunabaambia: professeur alisema dunia inatuangalia. Banashuka, banasaidia kusukuma. Kwa bao iko honneur."

"Na mugongo yako?"

Papa Zéphirin alicheka meno yote. "Ile coussin yako, Mungu akubariki! Zamani nilimezaka vidonge kila magaribi. Sasa hata moja hapana. Nainama, naamuka, sawa kijana. Hata bibi yangu anashangaa."

Alisema hiyo ya bibi na namna fulani, na Ursule hakuuliza anashangaa nini. Hata hakucheka. Alikuwa anaona ile mustari ya kulala ku ordinateur, na sasa aliona kitu yenye ilikuwa ndani yake: papa Zéphirin, mikono mbili, anabeba kinga.

Mashimo yote mpaka kwabo, alishuka na kupanda.

Maman Clémence alikuwa anageuza samaki juu ya moshi. Ursule alivua viatu, alikaa ku kigoda.

"Mama, résultat yangu haiko ya kweli."

"Uliiba?"

"Hapana."

"Uliandika kitu yenye haikuwa?"

"Hapana, machine iliandika kweli. Lakini banaume balikuwa banabeba kinga. Banaogopa kuvunja machine. Ku mashimo banaiinua."

Maman Clémence alicheka mpaka alitafuta pa kushika. "Bale? Bale benye banavunjaka masahani yangu yote ku fête?"

"Mama, comité iko kesho."

"Sasa? Nani anajua? Weye, miye, na hii samaki."

"Na papa Zéphirin."

"Papa Zéphirin haiko mu comité." Maman alipangusa macho. "Sikiliza, Ursule. Mandat yako inaisha. Unataka kukuya kuuzisha samaki na miye? Weye? Client hajaomba matabisi, nyongeza ya bure, unamuongezea samaki mbili na unamuambia merci. Utaniua na njaa."

"Coussin inasaidia, mama. Najua inasaidia."

"Inasaidia kadiri gani?"

Ursule alisema: "Sijui."

"Ah," maman Clémence alisema. Aligeuza samaki ingine. "Basi hata inasaidia haujui."

Hakusema ile ya kumuumiza. Alisema tu sawa mutu anasema mvua inakuya. Lakini Ursule alianza kuwaza. Kesho comité itasema ndiyo. Coussin itaingia ku kinga yote. Batolekiste bataamini, batapiga mashimo mbio kuliko zamani, na bibi ya mutu, mimba kubwa, nyuma juu ya coussin yenye inaandikwa inakula robo tatu. Siku mugongo itarudia kuuma, ao mambo mubaya kuliko mugongo, batasema nini? Ursule alisema iko muzuri. Batamutaja na jina.

Samedi asubui, mbele ya comité, alifika mbele ya marché na robe yake ya cérémonie, anabeba kiti ya zamani mu kwapa.

"Rolly, unafunga kaboite ku hii, unaniendesha. Kisha unakafunga ku coussin, unaniendesha tena, njia ile ile. Yote mbili mbio sawa zamani. Mashimo yote."

Rolly alimuangalia sawa bamemutuma kumupiga askofu kofi. "Maman Ursule, nilinyoosha mukono mbele ya batu."

"Ikivunjika iko juu yangu."

"Na professeur?"

"Professeur iko nyumbani anafunga cravate."

Papa Zéphirin alikuya mbio, mikono juu. "Mutoto ya Timothée! Unafanya nini? Tulisema sawa yai!"

"Papa, ile kaboite balikatengeneza juu katikisike. Munakachunga sana, kanakufa na kazi mu kinywa. Tafadhali."

Papa Zéphirin aligeuka, hakutaka kuona. Rolly alipiga alama ya musalaba, alipanda, na weye kama unamujua Rolly unajua ile kijana alikuwa amejizuia siku mingi. Alitoka sawa mutu anakimbia nyuki.

"Ya kwanza! Shika!" Pwa! "Ya pili, hii inaitwa député, mubunge, juu kila mwaka banaahidi kuiziba!" Pwa! "Maman, uko nyuma?"

"Niko!" Ursule alilia. Alikuwa amejiuma ulimi.

"Hii ya mwisho sitaizunguka, nilikuwa na hamu nayo!" Pwa!

Batu ku pembeni balipiga miluzi. Kisigino ya kiatu ilibakia mu shimo ya député. Balirudi, balibadilisha kiti, balienda tena, na mara hii matako ya Ursule, yenye iko na uzoefu, ilimuambia mbele ya ordinateur: iko afadhali, lakini si mbinguni.

Alifungua ordinateur mu couloir, mbele ya mulango ya comité. Ku coussin, mutikisiko ilipungua robo. Robo moja. Na hiyo ni mutembeo moja tu, na tolekiste moja mwenye wazimu kidogo. Haitoshe kusema kitu. Inatosha tu kujua robo tatu haikuwa ya coussin.

Professeur Évariste alifika, cravate imefungwa muzuri. Aliangalia miguu ya Ursule. "Ursule, kiatu?"

"Ilivunjika, professeur. Na résultat pia."

Alimueleza. Professeur alimuvuta pembeni. "Nani anajua?"

"Mama yangu aliuliza vile vile."

"Sema robo tatu leo. Tutarekebisha mbele."

"Mbele ni batu juu ya kinga, professeur. Siwezi." Kisha aliongeza polepole: "Ile hotuba, discours ya micro, sitasema ilikuwa ya nani."

Professeur alinyoosha cravate yenye ilikuwa tayari imenyooka. "Haina faida kuficha," alisema. "Picha iko ku Facebook."

Ndani, Ursule alionyesha mustari ya kulala. Bakubwa balitikisa kichwa, muzuri, muzuri. Kisha alionyesha ile ya asubui, na alisema kweli yote: kinga ilikuwa inabebwa, client balikuwa banashuka, coussin haikupimwa, kilipimwa ni woga ya kuvunja kitu ya batu, yenye discours moja ilitia.

Professeur Rachida, munganga ya upande ya mifupa, aliinua mukono. "Na bale bane. Mugongo yabo iko namna gani?"

"Iko muzuri, professeur. Bote bane. Mumoja ameacha vidonge."

"Juu ya coussin?"

"Sijui. Nafikiri kidogo juu ya coussin. Na mingi juu balienda malembe."

"Donc, dawa ya mugongo ilikuwa discours," professeur Rachida alisema. Batu balianza kucheka. "Na nani alibaambia machine iko ya bei kali vile?"

Ursule aliangalia kiatu yake. Nyuma, kiti ililia. Professeur Évariste alikuwa amesimama.

"Ni miye," alisema. "Na hata nilisema muzuri sana."

Salle ilipasuka. Hata mukubwa ya comité alitosha lunettes kupangusa macho.

Lakini usifikirie kucheka ni kukubali. Ku doctorat habakumuandika. Balisema kazi haiko kazi mpaka ipimwe tena, saison ya mvua yote, kinga mingi, mashimo ya kweli. Mandat yake balirefusha mpaka hapo, na si siku moja kupita. Na professeur Rachida aliomba aingie ndani ya ile kazi, juu anataka kujua malembe inasaidia mugongo kadiri gani na coussin inasaidia kadiri gani, kila moja upande yake. Ku mwisho ya procès-verbal, karatasi ya mukutano, kuko mustari moja yenye secrétaire alisoma bila kutabasamu: tuboite itagawiwa bila discours.

Ursule alitoka, kiatu mu mukono, aliitia mama yake ku téléphone.

"Balikukatala?"

"Balisema nianze tena."

"Samaki imebakia. Kuya ukule."

Vile alirudia kugawa tuboite, hakukuwa viti, baffle wala sucré. Papa Zéphirin tu ndiye alikatala. Alirudisha ya kwake, imepanguswa inameta. Alisema mugongo yake imezoea malembe, hatarudia mbio hata kwa kumufurahisha université. Client bengine bamemukimbia, banasema naye utafika ku marché magaribi. Lakini bamama ya mimba na bakoko, bazee, banamungoja ku musululu, na Rolly anamuita Ambulance. Ursule amemuandika upande ya professeur Rachida.

Sasa tuboite iko mu njia tena, ku kinga mingi, na batolekiste banapiga mashimo vile inafaa. Mwenye anaharibu leo ni weye. Uliona ile picha ku Facebook, ulisoma dunia inatuangalia, na sasa kila mara unaona kaboite unalia malembe, unashuka, unasukuma. Mustari ya Ursule inaanza kulala tena. Na mvua haitamungojea, mandat pia.

Basi, nakuomba kitu moja tu. Ukiona kale kaboite ka rangi ya majivu, ujifanye haukuona. Usiseme malembe, usiseme noki noki, haraka haraka. Usishuke. Kaa muzuri, shika chuma ya coussin na mikono mbili, uchunge ulimi ndani ya meno, na umuache papa apige shimo vile anaipigaka siku zote. Tafadhali.